Mkono wa Mwanafunzi na Bega la Mgonjwa

Waarabu wana methali ya kinyozi ajifunzaye kunyoa juu ya vichwa vya mayatima. Methali hiyo huchekesha mpaka msikilizaji amkumbuke yatima. Kazi ya tiba nayo ina yatima wake, na swali la haki yake humkabili mtu aliyepewa kumlea mwanafunzi wa tiba ya viungo atokapo hospitali kwenda kujifunza vijijini.

Hospitalini swali hilo hufichika. Kuna vyuma sambamba vya kushikilia, sakafu iliyo sawa, na mkubwa wa kazi hatua chache kando. Lakini tangu Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilipohesabu utengemao miongoni mwa huduma za afya ya msingi, imekubalika kuwa mwenye kiharusi afuatwe kwake. Huko pana kizingiti, mchanga na choo cha shimo. Mwanafunzi aliyefunzwa kumsimamisha mgonjwa kutoka kitini humkuta ameketi juu ya mkeka.

Tuseme mwanafunzi ainama kumwinua mzee kwa kuuvuta mkono uliopooza. Bega ambalo misuli yake imelegea halina kishikizo. Mvuto mmoja waweza kulitegua na kuacha maumivu ya miezi. Hapa mlezi hana ruhusa ya kungoja. Adabu ya kutomfedhehesha mwanafunzi mbele ya watu ni njema, ila si kubwa kuliko bega.

Kosa jingine ni gumu zaidi kulihukumu. Mwanafunzi ampangia mzee mazoezi kumi, wala hakumuuliza bintiye, atekaye maji na kupika, atayasimamia saa ngapi. Mlezi ajua kuwa hayatafanywa. Akisahihisha papo hapo, mwanafunzi atatii bila kuelewa. Akinyamaza, atajifunza, lakini kwa juma zima la mgonjwa. Juma hilo ni la nani? Wengi hulitoa sadaka kwa wepesi, kwa kuwa si lao. (Tena mgonjwa maskini hukataa mara chache, na heshima yake kwa koti jeupe hudhaniwa kuwa ridhaa.)

Uaminifu wataka mzee na bintiye waambiwe waziwazi kuwa kijana huyu yungali akijifunza, na kwamba wakimkataa hawatakosa tiba. Kisha mlezi amuulize mwanafunzi, binti akisikia: nani atakuwa nyumbani asubuhi? Binti atajibu mwenyewe, na huenda mazoezi kumi yakawa mawili: kuinuka mkekani, na kwenda chooni kwa miguu yake.