Kutu Chini ya Kapeti

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na hadi leo ikipita hapa Nakuru lazima ugeuze shingo. Shida iko chini. Mpira wa kioo cha mbele ukikauka, maji ya mvua hupenya kidogo kidogo na kutulia chini ya kapeti. Juu pakavu, huku bati linaliwa hadi kidole kinapita.

Sasa unataka kuuza. Fundi wa jua kali anaweza kukata bati bovu na kuchomelea jipya, au apake puti, rangi nyeusi, atandike kapeti mpya. Hiyo ya pili ni rahisi, na wengi hujitetea: sikudanganya, nilinyamaza tu, si ana macho?

Mimi sikubali. Kapeti hiyo umenunulia macho yake hayo hayo. Na kiti kimefungwa kwa bolti kwenye sakafu hiyo. Fikiria breki ya ghafla mteremko wa Salgaa.

Na kama wewe pia uliuziwa hivyo? Inauma, kweli. Lakini huyu mnunuzi siye aliyekuuzia. Inua kapeti aone, kisha mzungumze bei.