Mwalimu Aliyekombolewa

Hapa Ufipa mzee akitaja mwalimu, mara nyingi hafikiri ubao wala chaki; amkumbuka katekista aliyemfundisha sala. Mmoja wa walimu hao ni Adrian Atiman wa Karema, kule chini kando ya Ziwa Tanganyika.

Alizaliwa mbali, karibu na mto Niger. Akali mtoto alishikwa akauzwa, kama Yusufu mwana wa Yakobo, hata Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga, kwani alitaka Mwafrika awatibu Waafrika na kuwafundisha dini, huku akiishi kati yao. Atiman alifika Karema mwaka 1889, asiondoke tena mpaka alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya dawa na mafundisho. Mwanawe Yosefu akawa padre. Hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, na ni haki.

Tufikiri basi. Mtu aliyeuzwa na binadamu wenzake angaliweza kuwadai maisha yake yote. Yeye hakudai, alitoa. Nasi tusiouzwa na mtu, twataka katekista wetu afundishe watoto mwaka mzima, avuke mito wakati wa masika, azike wafu wetu. Kisha siku ya mavuno twamwona kama mwombaji. (Kwa wengine hata debe moja la mahindi huwa zito ajabu.)

Jumapili hii, baada ya Misa, mwulize shamba lake amelimiwa na nani.