Yaliyopita Yako Wapi?

Katika chuo chetu kidogo nafundisha Kilatini asubuhi na historia mchana, na masomo yote mawili hunirudisha kwenye swali moja: yaliyopita yako wapi? Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo, alilikabili kwenye kitabu cha 11 cha Maungamo. Alichukua mstari wa wimbo wa Askofu Ambrosi wenye silabi nane, fupi na ndefu zikipokezana. Silabi ndefu tunaipimaje, akauliza, ilhali ikiisha kutamkwa haipo tena? Wanafunzi wangu huupiga mstari huo kwa vidole juu ya dawati, kisha hukubaliana naye: tunachopima kimebaki kumbukumbuni. Mimi jibu hilo halinitoshi. Waliokufa wasiache wa kuwakumbuka, je, hawakuwapo? Naamini Mungu anawajua kwa majina, hivyo habari za mtumwa asiyetajwa jina kitabuni nazifundisha kama za mtu aliyeishi kwelikweli.