Saa ya Kwanza Baada ya Shule

Wazazi wengi hulalamika ya kwamba mtoto wao, ambaye mwalimu humsifu kwa utulivu, akifika tu nyumbani hugeuka kuwa mwingine: hutupa mkoba, humchokoza dada yake, na akiulizwa neno dogo hulia au hufoka. Wengine huuita huo unafiki. Mimi naona sivyo. Mtoto huyo amejizuia tangu asubuhi; amekaa katika darasa lenye kelele, ameushika ulimi wake, na pengine hajala kitu tangu chai. Uwezo wa kujizuia una kikomo, hata kwetu sisi watu wazima, nao humwishia pale anapojiona yu salama.

Basi tusianze kwa kumhoji. "Umepata ngapi?" na "Mbona shati limechafuka?" yangoje. Apewe maji na chakula, kisha aachwe nusu saa acheze, au akae kimya akitaka, ndipo aitwe kwenye kazi au madrasa.

Anas r.a., aliyemtumikia Mtume s.a.w. tangu utotoni, alisimulia ya kuwa siku moja alitumwa, naye akapita penye watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mara akashikwa shingo kwa nyuma. Alipogeuka akamwona Mtume s.a.w. anacheka. Aliulizwa tu kama amekwenda alikotumwa. Angalieni: kazi haikufutwa, wala mtoto hakuaibishwa.

Lakini liko swali gumu zaidi, la haki. Kabla sijaja kufundisha huku ng'ambo, nilikuwa nikimwacha mwanangu apumzike, na dada yake, aliyetoka shule ile ile, nikimtuma maji kwa kuwa ni msikivu. Siku moja akaniuliza, "Baba, na mimi nikitupa mkoba, nitapumzishwa?" Nilikosa jibu.

Ni kweli kwamba haki si kuwapimia watoto wote kibaba kimoja. Mwenye shida kubwa huhitaji zaidi. Lakini anachopewa kisitolewe katika fungu la aliye mpole, maana hapo tunamwadhibu kwa wema wake. Tokea siku hiyo ndoo iliwangoja wote wawili hadi wapumzike. Na kijana alipoinua mkono kumpiga dada yake, alizuiwa papo hapo, kwani uchovu haumpi mtu ruhusa ya kudhulumu. Binti naye, kumbe, alichotaka ni kulala kifudifudi juu ya mkeka, asisemeshwe na mtu.