Je, Ajali Haina Kinga?

Sehemu ya mbele ya bodi ya gari dogo la kisasa imeundwa ili iharibike. Kuanzia nyuma ya bampa hupita mihimili miwili ya chuma yenye uwazi ndani, iliyotiwa mikunjo na matundu mahali maalumu ili gari likigonga kitu, mihimili ianze kujikunja hapo na kuendelea pindo baada ya pindo. Kila pindo hula sehemu ya nishati ya mwendo na kuigeuza joto. Chumba cha abiria hujengwa kinyume chake: nguzo zake hutengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, ili watu waliomo wabaki na nafasi ya kuishi.

Gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 135 hivi, na nishati hiyo haina budi kuishia mahali. Mbele ya gari ikibonyea sentimita 60, abiria aliyefunga mkanda hupata kani ya wastani ipatayo mara 16 ya uzito wake. Ikibonyea sentimita 10 tu, kani hiyo hukaribia mara 100. Ya kwanza mwili wenye afya huweza kuistahimili kwa kitambo kidogo; ya pili huweza kupasua viungo vya ndani. Mwendo ukiongezeka maradufu nishati huwa mara nne, na hapo hata bodi bora huzidiwa.

Kwa miongo mingi gari imara lilidhaniwa kuwa lile lisilobonyea, na wengi hadi leo hulisifu gari la zamani kwa ugumu wake. Béla Barényi, mhandisi mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Mercedes-Benz, aliona kuwa ugumu huo huhamishia pigo kwenye mwili wa mtu. Mwaka 1951 aliomba hataza ya bodi yenye ncha mbili za kubonyea na chumba kigumu katikati, na mwaka 1959 gari aina ya W111 likatoka kiwandani likiwa limejengwa hivyo.

Ubunifu wa namna hii huchukulia kwamba ajali itatokea, na hapo ndipo swali la imani linapoingia. Waswahili husema ajali haina kinga, na msibani kauli hiyo huambatana na nyingine, kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Ni maneno ya huruma. Humwondolea mfiwa mzigo wa kujilaumu. Lakini yakitamkwa na mtengenezaji wa gari au mwenye basi, huwa njia ya kukwepa deni, na dini zenyewe haziukubali ukwepaji huo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Wala agizo hilo haliulizi kama aliyeanguka alikuwa mzembe. Katika Uislamu, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inaeleza jinsi Mtume alivyomwelekeza mtu mmoja amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Ajali yenyewe yaweza kuwa kadari. Kiasi cha chuma kilichowekwa kati ya mtu na pigo, hata hivyo, ni uamuzi wa binadamu, uliopimwa na kuandikwa kwenye michoro kabla gari halijaundwa, na aliyeamua ataulizwa.

Wapo wanaodai kuwa ulinzi huu humpa dereva mzembe ujasiri zaidi. Mwanauchumi Sam Peltzman wa Marekani alijenga hoja ya aina hiyo mwaka 1975, na haifai kupuuzwa. Ila mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hakushika usukani, na kumwacha afe ili dereva aogope si haki kwa kipimo chochote.

Tatizo kubwa zaidi liko nje ya gari. Gari zito likigongana na jepesi, jepesi ndilo linalobadilishwa mwendo kwa kiasi kikubwa zaidi, hivyo usalama wa abiria wa lile zito hulipiwa na abiria wa lile jepesi. Mtembea kwa miguu na dereva wa bodaboda hawana chuma chochote cha kukunjika kwa niaba yao. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Boneti huweza kuachiwa nafasi chini yake ili ibonyee kichwa cha mtu kinapoipiga. Bomba la chuma linalofungwa mbele ya gari kwa urembo huharibu kazi hiyo, na anayelifunga hulinda taa zake kwa fuvu la mwenzake.

Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha sera inayokubali kwamba binadamu hukosea, na inayowagawia wajibu wa vifo wale wanaounda magari na barabara pamoja na wanaozitumia. Huo ndio msimamo ulio sahihi. Pale magari yanapopita katikati ya watu, bodi ya gari peke yake haitoshi: mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na wenye mamlaka ya barabara wanawajibika kwa hilo sawasawa na waunda magari.