Haki ya Jirani na Haki ya Msafiri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtu ana kiwanja katika mtaa wa watu, mathalan Makorora katika Jiji la Tanga, naye ataka kuivunja nyumba ya wazee wake na kusimamisha mahali pake nyumba ya wageni ya ghorofa. Si nyumba ya kulala usiku mmoja na kuondoka, bali ya kukaa mwezi au miezi, kila chumba na jiko lake. Anaomba idhini ya Halmashauri ya Jiji, na majirani wananung'unika. Wako wasemao jambo hili ni haramu. Wako wasemao mali ni yake, afanye atakalo. Makundi yote mawili hutaja dini, na yafaa dini yenyewe iulizwe kabla ya kusemewa.

Sababu ya masala haya yajulikana. Mwezi wa Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Bandari nayo ikachimbwa kina ili meli kubwa zifike gatini. Kazi kama hizi huleta mafundi, makarani na madereva, ambao si wageni wa siku mbili wala si wenyeji wa kununua nyumba. Watu hawa lazima walale mahali. Basi haja yao ni haja ya kweli, wala si anasa iliyozuliwa na mwenye kiwanja.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na maskini, kisha akamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na katika aya hiyo hiyo akamtaja msafiri. Na azingatie mwenye akili: jirani na msafiri wamewekwa katika amri moja. Anayemtetea jirani kwa kumdharau msafiri ameshika nusu ya aya, na anayemkaribisha msafiri kwa kumuudhi jirani ameshika nusu ya pili. Utii ni kuzikusanya zote mbili.

Tena nyumba ya wageni si kitu kigeni katika Uislamu. Katika Surat An-Nuur, baada ya kukatazwa kuingia nyumba za watu bila ya idhini, imeondolewa lawama kwa aingiaye nyumba zisizo na wakazi ambazo ndani yake ana manufaa. Wako wafasiri wa zama za mwanzo waliosema kuwa makusudio ni nyumba za wasafiri zilizo njiani. Bwana Mtume naye ameweka mpaka wa ukarimu: haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata amtie mwenyeji wake katika dhiki. Hukumu hii yaonyesha kuwa akaaye miezi si mgeni wa mtu. Yampasa apate mahali pake kwa ujira wake. Asemaye kuwa nyumba za kupangisha wasafiri zimeharimishwa kwa asili yake amesema pasipo ilimu.

Yabaki masala ya mahali. Je, mtu aweza kuiweka nyumba hiyo baina ya maskani ya watu? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameyagusa mfano wa haya katika Minhaj. Asili ni kuwa kila mtu hutumia milki yake kwa ada ya watu, na akipita mpaka wa ada hudhamini kilichoharibika. Na kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kuwa yajuzu kwa mtu kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na maskani kuwa hamamu au zizi, na duka lake lililo katika soko la nguo kuwa la mhunzi, maadamu amechukua hadhari na kuziimarisha kuta. Mwenye kiwanja akisikia haya hufurahi, na husema: Shafi amenipa ruhusa.

Lakini furaha yake ina haraka. Kwanza, ruhusa hii imefungwa kwa sharti la hadhari, nayo si sharti dogo. Choo cha vyumba ishirini si choo cha nyumba moja. Shimo likichimbwa nje ya ada, ukuta wa jirani ukatitia, mchimbaji atalipa. Pili, ziko kauli nyingine ndani ya madhehebu yenyewe. Nawawi katika Rawdha amenakili kuwa Ruyani alichagua kuwa hakimu ajitahidi katika mambo haya, na amzuie mwenye milki ikimdhihirikia kuwa amekusudia ukaidi na ufisadi. Basi hata mafakihi waliompa mwenye milki nafasi pana hawakuufunga mlango wa kumzuia.

Tatu, na hili ndilo zito, maneno ya mafakihi yalikuwa juu ya mtu mwenye milki kamili. Katika Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa masharti, na miongoni mwa masharti ni aina ya matumizi. Na kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kuyageuza matumizi hayo kwataka idhini ya mamlaka ya mipango. Mwenye kiwanja cha makazi amekipokea kwa sharti la makazi. Waislamu hufungwa na masharti yao, na Surat Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Hawezi kuishika hati inapompa haki na kuitupa inapomfunga. Na afikapo mbele ya madiwani, aenda kuomba kitu ambacho bado si chake.

Na madiwani nao wamo katika hukumu. Ni kanuni mashuhuri kwa Mashafi kuwa matendo ya mtawala juu ya raia yamefungamana na maslaha yao. Diwani atoaye idhini kwa bahasha, au ainyimaye kwa kisasi, amekhini amana, ijapokuwa karatasi yake ina muhuri.

Basi ni madhara gani yafaayo kusemwa? Nyumba za mitaa hii zina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwa nyuma. Uwani ndiko wanawake wapikako, wafuako na wapumzikako bila ya mtandio. Ghorofa ya tatu yenye madirisha ya kutazama nyuma huufanya uwa kuwa barabara. Kuchungulia nyumba za watu ni haramu, na ajengaye mahali pa kuchungulia, naye aweza kuligeuza dirisha au kuinua ukuta, ameisaidia haramu. Kisha yako maji machafu, magari usiku, na usingizi wa wazee na watoto. Haya yote yaweza kuonekana na kupimwa, na mengi katika hayo yana dawa.

Liko pia lile lisemwalo kwa sauti ya chini, yaani ulevi na zinaa. Hapa hukumu iko wazi. Kukodisha nyumba kwa ajili ya maasi ni batili, na ujira wake ni haramu. Lakini mafakihi wamepambanua. Mwenye kumuuzia zabibu mtu ajuaye yakini kuwa atazifanya mvinyo ametenda haramu, na mwenye kudhani tu ametenda makuruhu. Vivyo hivyo mwenye nyumba: akijua na kunyamaza, ni mshirika. Wala majirani hawana ruhusa ya kumhukumu kila fundi atokaye bara au ng'ambo kuwa ni mzinifu kabla hajafungua sanduku lake. Surat Al-Hujurat imekataza dhana nyingi na upelelezi.

Na walalamikao nao wajipime nia. Wako katika mtaa wenye kupangisha vyumba, wanaoogopa kuwa wapangaji watahamia nyumba mpya. Hofu hiyo si dhambi. Dhambi ni kuivika kilemba na kuipeleka mbele ya madiwani kwa jina la dini. Ashuhudiaye kuwa mtaa utaharibika, naye moyoni ahofia kodi yake tu, ameitumia dini kuwa ngao ya mfuko wake.

Tena maneno yana wakati wake. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na bado hoteli ilijengwa penye jumba la Mambo Msiige, ufukweni, ikafunguliwa mwaka 2015, huku Kamati ya Urithi wa Dunia imekwisha kueleza wasiwasi wake. Ikiwa mji wenye walinzi wa ulimwengu mzima haukuweza kulizuia jengo, mtaa wa Makorora usitaraji kulibomoa kwa manung'uniko ya barazani baada ya zege kukauka. Penye kusikilizwa ni kabla ya idhini, kwa maandishi, kwa ukweli na kwa adabu.

Mwenye kiwanja naye asingoje kuitwa. Awaendee majirani nyumba kwa nyumba, awaonyeshe ramani, asikie, na abadili kibadilikacho. Jirani aliyeulizwa huvumilia hata jambo gumu, na jirani aliyepuuzwa huudhika hata kwa jambo dogo. Na mafakihi wasemapo yajuzu, maana yake ni kuwa kadhi hatamzuia. Hawakusema kuwa jirani hatamshtaki Siku ya Kiyama, siku ambayo hakuna halmashauri wala hati.

Mwenyezi Mungu awape wenye mitaa hekima, na wenye mali huruma, na wasafiri amani. Naye ndiye Ajuaye zaidi.