Amana Ndani ya Kabati la Redio

Katika miaka ya 1930, redio katika nyumba nyingi za Marekani ilikuwa samani. Ilisimama sakafuni, kabati la mbao lililopita kiuno cha mtu mzima, limepakwa vanishi hata likang'aa, na jioni jamaa walilizunguka kama wanaomzunguka mgeni mwenye habari. Ndani yake ziliwaka valvu, vile vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambavyo havifanyi kazi mpaka vipate joto. Ndiyo maana redio hizo hazikusema papo hapo. Aliyeiwasha alingoja, akaona mwanga hafifu wa rangi ya chungwa nyuma ya kabati, kisha sauti ikaja taratibu kama ya mtu anayeamka.

Leo kabati la namna hiyo huokotwa darini, ghalani au kwenye mnada wa vitu vya marehemu, likapelekwa kwa fundi. Vanishi imepasuka, kitambaa cha spika kimeraruka, mpira wa nyaya umekauka na kumeguka. Mwenyewe hutoa ombi moja tu: redio irudi kama ilivyokuwa. Ombi hilo laonekana jepesi, lakini limebeba swali zito. Kitu kilichokufa baadhi ya viungo vyake, kikihuishwa kwa viungo vigeni, je, kilichorudi ni kilekile? Na kama si kilekile, aliyekirudisha ametenda wema au amedanganya?

Swali hilo huanzia mahali padogo sana. Ndani ya redio za wakati ule mna kapasita zilizotengenezwa kwa karatasi na utepe mwembamba wa metali, vikavingirishwa pamoja na kuzibwa kwa nta. Miongo inapopita, karatasi huingiwa na unyevu na kuoza, na kapasita iliyowekwa kuzuia umeme wa mkondo mnyoofu huanza kuupitisha. Ikiwa ni ile inayoitangulia valvu ya mwisho, inayoiendesha spika, valvu hiyo huvuta umeme kupita kiasi, transfoma huwaka joto, na pembeni yake pana mbao kavu za miaka tisini. Kwa hiyo fundi mzoefu hachomeki redio ya aina hii ukutani ili aone kama itasema. Huanza kwa kubadilisha kapasita zote za karatasi. Hapo hapana mjadala. Mapenzi ya vitu vya asili yanayohatarisha nyumba yenye watoto waliolala hayastahili kuitwa mapenzi.

Mjadala huzuka katika hatua inayofuata. Kampuni ya Philco ya Philadelphia ilizifungia kapasita zake nyingi ndani ya vijisanduku vyeusi vya bakelaiti vilivyojazwa lami. Kapasita za leo ni ndogo, mara nyingi za rangi ya njano, na huenea humo bila taabu. Basi mafundi wengi huipasha moto lami mpaka ilainike, huisukuma nje pamoja na kapasita iliyokufa, hutia mpya, na kukirudisha kijisanduku mahali pake. Atakayeipindua redio hiyo na kuchungulia chini yake ataona kazi ya kiwandani ya miaka ya 1930, wala hataona kingine. Mafundi wengine hukataa kufanya hivyo. Huziacha kapasita za njano wazi, wakisema kwamba kuficha kipya ndani ya gamba la kale ni sawa na kughushi hati.

Kila upande una haki yake. Wa kwanza husema kwamba mpangilio wa ndani ni sehemu ya sanaa ya mtengenezaji, na kwamba rangi ngeni katikati yake ni kama kiraka chekundu juu ya kanzu nyeupe. Wa pili husema kwamba uzuri ulionunuliwa kwa uongo ni hasara.

Ubishi huu ni mkongwe kuliko umeme. Plutarch aliandika juu ya jahazi la Theseus, ambalo watu wa Athens walilihifadhi kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakisema ni lilelile, hawa wakisema silo. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza fumbo. Tuseme mtu aliziokota zile mbao kuukuu moja baada ya nyingine, akaunda jahazi la pili kwa mpango uleule. Lipi basi ndilo jahazi la Theseus? Huko Uingereza, mwaka 1849, John Ruskin alishambulia ukarabati wa majengo ya kale na kuuhesabu kuwa uharibifu uliojivika jina jema. Mwaka 1964, Mkataba wa Venice ulitafuta njia ya kati: sehemu inayotiwa badala ya iliyopotea ipatane na kitu kizima, lakini itofautike na ya asili, ili ushahidi wa historia usipotoshwe.

Kanuni ya Venice inafaa, ila imeyategemea zaidi macho, na uaminifu si jambo la macho peke yake. Katika pwani ya Waswahili, jahazi hupandishwa mchangani, mbao zake mbovu zikatolewa, mpya zikapigiliwa, likatiwa kalafati na kupakwa sifa, yaani yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Likirudi majini huitwa kwa jina lake lilelile. Hakuna anayemshitaki fundi kwa kughushi, ingawa baada ya msimu mmoja ubao mpya haujulikani na wa zamani. Na kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuwa ubao ule ni wa tangu. Lakini sanduku la juzi likisuguliwa, likatiwa moshi na kuuzwa kwa mgeni kuwa ni la karne iliyopita, huo ni udanganyifu, hata kama ufundi wake ni bora na mbao zake ni nzuri. Tofauti ya mambo haya mawili haimo katika mbao. Imo katika lile lililosemwa, au lililonyamaziwa, mali ilipobadilisha mikono.

Hapa lugha yenyewe inatoa msaada. Amana, imani, kuamini na uaminifu ni maneno ya asili moja, yaliyopokewa kutoka Kiarabu. Aliyewekewa amana si mwenye mali. Hukishika kitu kati ya aliyekitoa na atakayekipokea, na hesabu yake hufungwa siku ya kukabidhi. Redio iliyomtangulia fundi kuzaliwa, na itakayobaki baada yake, ni amana kwa maana hiyo kamili. Basi swali la Hobbes, kama kitu ni kilekile au sicho, laweza kubaki kwa wanafalsafa. Swali la fundi ni jingine: mkono utakaoifungua redio hii baada ya miaka thelathini utakuta ukweli au mtego? Kijisanduku kilichofichwa kipya bila neno ni mtego. Fundi wa kesho atakiona cha kale, atakitupa bure kwa hofu, au atakisifu kwa kudumu ambako hakukuwa kwake, na mnunuzi atalipia uasili usiokuwepo. Kijisanduku kilekile, kikiambatana na karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, yenye tarehe na orodha ya vilivyobadilishwa, hakimdanganyi mtu.

Yupo atakayepinga. Ikiwa karatasi yatosha, mtu na ang'oe valvu zote, aweke spika ya bluutuuthi inayoitika simu, kisha aandike kwa unyofu kwamba ndivyo alivyofanya. Atakuwa ametenda haki? Hapana, kwa kuwa amana ina nusu mbili: kuhifadhi na kutangaza. Huyo ametangaza bila kuhifadhi. Kabati lake ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hukumu ingekuwa nyingine kama kabati lilimfikia tupu, vyombo vyake vimekwisha kuibwa au kuoza, kwani mtu hadaiwi asichokabidhiwa. Lakini anayeua kinachoweza kupona hasafishwi na ukweli wa maungamo yake.

Kipimo hicho hufika mbali kuliko mbao na waya. Redio ikisha kupona, hewani hamna tena vipindi ilivyojengewa. Kwa hiyo baadhi ya wamiliki huweka nyumbani kirusha mawimbi kidogo, wakacheza kanda za miaka ile: muziki wa dansi, michezo ya kuigiza, na hotuba ya Rais Roosevelt ya tarehe 12 Machi 1933 alipowaeleza wananchi habari za mabenki. Sauti inapendeza, na wasikilizaji husema kwamba zamani zilikuwa njema. Lakini kabati hilohilo lilimpokea pia Charles Coughlin, kasisi wa Michigan, aliyesikilizwa na mamilioni na ambaye kufikia mwaka 1938 alikuwa akieneza hewani chuki dhidi ya Wayahudi. Anayezirudisha sauti tamu peke yake, kisha akaziita ndizo zamani zenyewe, amefanya kwa historia kile ambacho fundi asiye mwaminifu hufanya kwa kijisanduku cha bakelaiti. Kumbukumbu nayo hukarabatiwa, na hudai karatasi yake.

Wapo mafundi ambao, wamalizapo kazi, hukusanya kapasita zote walizozitoa, huzitia ndani ya mfuko mdogo, na kuufunga kwenye pembe ya ndani ya kabati. Hazitafanya kazi tena, na aghalabu hakuna atakayeziangalia. Lakini atakayezihitaji atazikuta, pamoja na karatasi ya aliyezitoa. Mwenye nyumba atawasha, atangoja kidogo, na sauti itakuja.